Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Mali Inayoishia Harusini



 

Wanafunzi wapendwa pamoja na wazazi wetu, katika kurasa hizi za maisha ya wanavyuoni tumezoea kusoma habari za masahaba na maimamu wakubwa wa zamani. Mara hii tumemchagua mtu wa karibu zaidi, mzaliwa wa Mombasa, aliyewaandikia watu wake kwa Kiswahili. Wengi wanamjua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui kama Kadhi Mkuu wa Kenya na mpinzani wa bidaa. Wanaojua kwamba alishughulika pia na jinsi Waislamu wanavyotumia fedha zao ni wachache, na hilo ndilo lililotufanya tumchague. Sisi tunaoishi Shinyanga, Kahama na Geita tuna haja nalo pengine kuliko hao watu wa pwani.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake wa Mazrui ulikuwa umetawala mji huo kwa karibu miaka mia moja, mpaka mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan alipouchukua. Kwa hiyo alizaliwa katika nyumba yenye jina kubwa na kumbukumbu nyingi, lakini utawala ulikuwa umekwisha kuondoka. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni anayeheshimiwa. Alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa bado mdogo sana. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu. Baadaye Sheikh Al-Amin alisoma Unguja kwa mabingwa wawili wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote walifariki mwaka 1925. Alifuatilia pia maandishi ya wanavyuoni wa Misri, akina Sheikh Muhammad Abduh na Rashid Ridha, waliokuwa wakiuliza ni kitu gani kilichowarudisha Waislamu nyuma.

Swali hilo Sheikh hakuhitaji kwenda Misri kulikuta. Lilikuwa mlangoni kwake. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901. Bandari ya Kilindini ikakua na ardhi ya Mombasa ikapanda bei. Mwaka 1908 Waingereza wakatunga sheria ya kuandikisha hati za ardhi ya pwani. Mwaka mmoja kabla yake utumwa ulikuwa umefutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na wenye mashamba makubwa wakakosa watu wa kuyalima. Basi mtu aliyekuwa na shamba la minazi asiloweza kulilima, na mnunuzi mwenye fedha taslimu amesimama mlangoni, alifanya nini? Aliuza, au aliliweka rehani. Ghafla nyumba nyingi za Waislamu zikashika fedha ambazo mababu hawakupata kuziona. Baada ya muda si mrefu fedha zikawa zimekwisha, na shamba lilikuwa limekwisha kwenda pia.

Zilikwenda wapi? Nyingine zililipa madeni, nyingine zilinunua chakula cha kila siku, na hapo hakuna wa kumlaumu mtu. Lakini sehemu kubwa iliishia katika mambo ya siku chache. Kulikuwa na harusi za siku nyingi, ambapo kila ukoo unataka harusi yake izungumzwe kuliko ya jirani. Kulikuwa na matanga, ambapo waliofiwa ndio wanaowalisha waombolezaji. Kulikuwa na vyama vya ngoma, pamoja na vile vya lelemama vya akina mama, vilivyoshindana kwa karamu na mavazi. Mtu mwenye kipato cha chini alikopa ili asionekane mnyonge.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo watu wa pwani walizokuwa wakizisoma tangu chuoni. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1944. Humo aliwahimiza Waislamu kusoma, kusomesha watoto wa kike, kufanya kazi kwa mikono, kufanya biashara, kushikamana, na kuacha israfu. Hakuyatenganisha mambo haya. Kwake yeye ujinga, uvivu na matumizi ya kujionyesha vilikuwa vikisaidiana, na kila kimoja kinamlisha mwenziwe.

Tuseme wazi kwamba hakuwa adui wa mali. Wapo wanaodhani mtu wa dini akisema juu ya matumizi maana yake anawataka watu wakae maskini. Sheikh alikuwa akiwalaumu Waislamu kwa kuwaachia wengine biashara na kazi. Alitaka mali ipatikane kwa halali, kisha ibaki ifanye kazi. Wala hakuhimiza ubahili. Suratul Furqan aya ya 67 inawasifu waja ambao katika kutoa kwao hawapiti kiasi wala hawabani, na Suratul Israa aya ya 26 na 27 zinawaweka wabadhirifu pamoja na mashetani. Kati ya mipaka hiyo miwili ndipo mtu anapopangia fedha za nyumba yake.

Juu ya walima, kila mwanafunzi wa madrasa yetu anajua kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdulrahman bin Auf afanye walima ijapokuwa kwa mbuzi mmoja. Walima ni sunna, na mbuzi mmoja anatosha. Juu ya matanga, Mtume (S.A.W.) alipopata habari ya kufa shahidi Jaafar bin Abi Talib huko Muuta, mwaka wa 8 Hijria, aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba ulikuwa umewashughulisha. Angalieni sufuria ilielekea wapi. Ilitoka kwa majirani ikaenda kwa wafiwa. Sisi tumeigeuza, tukamfanya mjane mwenye eda awe ndiye mpishi wa kijiji kizima. Katika fedha anazonunulia mchele mara nyingi mna mali ya mayatima, na Suratun Nisaa aya ya 10 inaeleza adhabu ya mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma.

Kumbukeni kuwa Sheikh Al-Amin mwenyewe alikuwa yatima. Tena kazi aliyofanya ilimweka karibu sana na jambo hili. Mwaka 1932 aliwekwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokaa nacho mpaka kufa. Chini ya Waingereza mahakama ya kadhi iliachiwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Hayo ndiyo mambo yanayofunua hesabu za ndani za nyumba: mume asiyetoa matumizi, mahari isiyolipwa, ndugu wanaogombea nyumba moja iliyobaki. Sisi tunaamini aliyekaa katika kiti hicho kwa miaka kumi na mitano hakuhitaji kuambiwa na mtu fedha za Waislamu zinapotea wapi.

Si wote waliompenda. Aliyezoea mila za wazee aliona zinavunjwa, na aliyekuwa akipata riziki katika khitma na karamu hakufurahi. Mpaka leo yapo anayosema Sheikh ambayo wanavyuoni wengine hawakubaliani naye, na hatuna nafasi ya kuingia humo. Lakini katika suala la mtu kukopa ili aonekane, hatujaona mwanachuoni wa upande wowote anayelitetea.

Sasa turudi kwetu. Kahama na Geita hazina minazi, lakini tuna dhahabu, na katika kuja na kuondoka kwake dhahabu inafanana na yale mashamba ya Mombasa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na mchimbaji mdogo akapata mahali rasmi pa kuuzia. Baba anaweza kukaa miezi kwenye duara bila kupata kitu. Siku mawe yanapotoka na mgao wake ukapita karashani, anarudi na fedha nyingi kwa mara moja. Mkulima wa pamba au mpunga hana tofauti kubwa naye. Fedha yake inakuja msimu mmoja, ila watoto hula misimu yote.

Tupige hesabu kidogo, kwa mfano tu. Tuchukue nyumba inayotumia shilingi 300,000 kwa mwezi kwa unga, mboga, mkaa, maji, nauli na madaftari. Baba amepata mgao wa shilingi 2,400,000. Hiyo ni miezi minane ya utulivu, hata kama duara likikauka. Ikija harusi ya binti na nyumba hiyo ikatoa shilingi 1,800,000 kwa ukumbi, sare na muziki, inabaki miezi miwili. Mwezi wa tatu mama anaanza kukopa unga dukani, na wa nne mtoto anakaa nyumbani kwa kukosa sare. Hapo hatujahesabu kadi za michango zinazokuja kutoka kwa wengine, kila wiki kadi, na kila kadi inamdai mtu kiwango kilichoandikwa na kamati.

Tunawapongeza akina mama wa maeneo yetu ambao wameanza kuweka akiba kwa vikundi. Wapo wanaotenga fedha ya chakula na ada siku ileile mgao unapoingia, kabla habari hazijafika kwa majirani. Wapo waliokubaliana mtaani kwamba nyumba yenye msiba haipiki siku tatu, na kila jirani analeta chungu chake. Wapo vijana waliofunga ndoa baada ya swala ya Ijumaa kwa tende, kahawa na pilau ya mbuzi mmoja, wakaanza maisha bila deni. Baadhi yao walisemwa sana. Mwaka uliofuata waliowasema walikuja kwao kuazima.

Tumalizie habari za Sheikh. Pamoja na ukadhi alifundisha na kuandika vitabu vya dini vya Kiswahili, akaandika kwa Kiarabu tarehe ya ukoo wake iliyokuja kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1995, na akaanza kuifasiri Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili, kazi ambayo mauti yalimkuta hajaimaliza. Alifariki mwaka 1947, Allah amrehemu. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1963, na mwaka 1968 akafuatiwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani iliyotoka mwaka 1969 mtaikuta katika nyumba nyingi za Shinyanga. Sheikh Al-Amin aliacha mtoto wa kiume, Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 14 tu. Mtoto huyo alisoma mpaka Chuo Kikuu cha Oxford, akafundisha Makerere na baadaye Marekani, na dunia ikamjua kwa jina la Profesa Ali Mazrui mpaka alipofariki mwaka 2014. Alizikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wake.