Jimmy Yen: Mchina aliyeanza na herufi 1,000 tu

Vijana wengi hapa Homa Bay siku hizi wanajifunzia Kichina kwenye simu, kwa kamusi za bure kama Pleco. Ukijaribu, utajua haraka shida iko wapi. Herufi ni maelfu na hakuna a-be-che ya kushikilia. Sasa mtu aanzie wapi? Kuna jamaa aliwahi kujiuliza hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena bila bando.

Jina lake Yan Yangchu, ila Wazungu walizoea kumwita Jimmy Yen. Alizaliwa Sichuan mwanzoni mwa miaka ya 1890, akasoma mpaka Yale, Marekani, akamaliza 1918. Hakukaa. Akavuka bahari kwenda Ufaransa, ambako Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeajiri Wachina karibu 140,000 kuchimba mahandaki na kupakua meli za vita. (Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyowabebesha mizigo wazee wetu wa Nyanza Kusini, wale wa Kariakoo. Wengi hawakurudi.)

Kambini Boulogne, kazi ya Yen ilikuwa kuwaandikia vibarua barua za nyumbani. Foleni haiishi, kila usiku. Mwishowe akawaambia atawafundisha waandike wenyewe. Wakacheka! Halafu 40 wakajitokeza, na baada ya miezi kama 4 hivi, 35 kati yao walikuwa wanajiandikia. Hao nao wakawa walimu wa wenzao.

Mwaka 1919 akawaanzishia gazeti la kila wiki. Yen alikuwa akisimulia kwamba kibarua mmoja alimtumia faranga 365, akiba yake ya miaka 3, kwa sababu gazeti lilikuwa rahisi mno na aliogopa litafungwa. Mimi karo ilinishinda nikaacha chuo katikati, kwa hiyo hiyo faranga 365 naielewa sana.

Aliporudi China, yeye na wenzake wakachagua herufi kama 1,000 zinazotumika zaidi, wakazigawa kwenye vijitabu 4 vya bei ya chini. Saa 1 kwa siku, miezi 4, basi. Mwaka 1922 wakajaribu mjini Changsha: walimu wa kujitolea, wanafunzi zaidi ya 1,000, madarasa popote penye nafasi. Mmoja wa waliojitolea kufundisha alikuwa kijana anaitwa Mao Zedong. Ndiyo, yule yule.

Baadaye akahamia mashambani, Ding Xian, akakuta kusoma peke yake hakumshibishi mkulima. Akaongeza mbegu bora, visima na afya. Wajapani walipovamia 1937, kazi ikavunjika. Mao aliposhika nchi, Yen alikuwa nje, akaendelea na kazi yake Ufilipino, na taasisi aliyoanzisha huko 1960, IIRR, baadaye ikafungua ofisi hadi Nairobi.

Mwaka 1985, mzee wa miaka 90 na ushee, alialikwa kurudi China, akaiona tena Ding Xian. Alifariki New York, Januari 1990.