King Curtis: Saksafoni uliyoisikia mara nyingi bila kumjua mpulizaji

Kama umewahi kuusikia wimbo wa "Respect" wa Aretha Franklin, basi King Curtis umeshamsikia. Ni yule jamaa anayepuliza saksafoni pale katikati, Aretha anapopumzika.

Ni sekunde chache tu, kisha anampisha mwenye wimbo. Sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa hivyohivyo: anaingia, anapuliza, anatoka, na jina kwenye jalada ni la mtu mwingine.

Kijana wa Texas

Jina lake lilikuwa Curtis Ousley. Alizaliwa Februari 7, 1934, mjini Fort Worth, jimbo la Texas, Marekani. Saksafoni alianza kuipuliza akiwa na miaka 12.

Alipomaliza shule, nafasi ya kusoma chuo kwa ufadhili ilikuwepo. Akaiacha, akajiunga na bendi ya Lionel Hampton. Mwaka 1952 akahamia New York, na huko ndiko alikopata kazi iliyomjenga: kupigia wengine studio.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Prodyuza anapiga simu, unafika, wimbo unausikia palepale, halafu unapewa nafasi ndogo ya kuung'arisha. Ukikosea, kesho anaitwa mwingine.

Curtis hakukosea. Mwaka 1958 alipuliza kwenye "Yakety Yak" ya The Coasters, wimbo uliofika namba moja Marekani. Noti zake pale ni fupifupi, zinakatika kama kuku anayedonoa mtama. Mtindo ule ukawa saini yake, na wapulizaji kibao wa roki wakauiga.

Mwaka huohuo Buddy Holly alimwita mpaka Clovis, New Mexico, wakarekodi "Reminiscing". Miezi michache baadaye Holly akafa kwa ajali ya ndege. Wimbo ulitoka 1962, mwenyewe akiwa hayupo.

Gitaa lilipoingia

Roki ya mwanzo ilikuwa nyumbani kwa saksafoni. Ikifika zamu ya solo, mara nyingi ilikuwa yake. Miaka ya 60 gitaa la umeme likashika usukani, na wapulizaji wengi wakaanza kukosa simu.

Yeye alibaki. "Soul Twist", kibao kilichotoka kwa jina lake, kiliongoza chati ya R&B mwaka 1962. Agosti 15, 1965, bendi yake ilikuwa kati ya waliotangulia jukwaani kabla ya The Beatles kwenye uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Umati ulikuwa umewafuata vijana wa Liverpool, lakini yeye alikuwepo.

Kisha ikaja "Respect", 1967. Otis Redding, aliyeutunga na kuurekodi kwanza, hakuwa na kile kipande cha katikati. Kilitengenezwa studio kwa kuazima kodi za wimbo mwingine, wa Sam na Dave, na Curtis akakijaza. Leo ukikitoa, wimbo unapungua.

Mwaka aliosogea mbele

1971 ndio ulikuwa mwaka wake. Machi alikuwa kiongozi wa bendi ya Aretha kwenye ukumbi wa Fillmore West, San Francisco. Siku zilezile akarekodi albamu yake mwenyewe jukwaani hapohapo, "Live at Fillmore West".

Sikiliza "Memphis Soul Stew" kwenye albamu hiyo. Anawaita wapigaji mmoja baada ya mwingine, kama mpishi anayeongeza viungo kwenye sufuria. Besi, ngoma, gitaa, kinanda, vinaingia kwa zamu. Safari hii yeye ndiye mwenye jiko.

Julai, John Lennon akamwita studio mjini New York kuongeza saksafoni kwenye nyimbo mbili za albamu ya "Imagine". Miaka sita nyuma alikuwa akimtangulia Lennon jukwaani. Sasa Lennon ndiye anamhitaji.

Usiku wa kuamkia Agosti 13, 1971, nje ya jengo lake Mtaa wa 86 Magharibi, Manhattan, alizozana na mtu pale kwenye ngazi. Akachomwa kisu. Alikuwa na miaka 37.

"Live at Fillmore West" ilikuwa ndiyo kwanza inaingia sokoni. "Imagine" ilitoka Septemba, naye ameshazikwa. Kwenye mazishi yake Aretha aliimba.

Mwaka 2000 aliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, katika kundi la wanamuziki waliopigia wengine. Ndio kwanza kundi hilo lilikuwa linaanzishwa.

Uanzie wapi?

Kama wewe ni mpenzi wa saksafoni ya roki, anza na "Live at Fillmore West" umsikie akiwa mbele. Halafu weka "It's So Hard" kwenye "Imagine". Vaa spika za masikioni, maana kwenye spika ya simu utaikosa raha yenyewe: ule mlio mzito, wenye mikwaruzo, unaomjibu Lennon kila anapotua.