Ernst May: Msanifu wa makazi ya wafanyakazi aliyeigawa Kampala kwa rangi

MIONGONI mwa wasanifu majengo waliovuma ulimwenguni katika karne ya 20, ni wachache walioifahamu Afrika Mashariki kwa ukaribu kama Mjerumani Ernst May. Alilima shamba karibu na Arusha, akafungua ofisi jijini Nairobi, akachora mpango wa kuipanua Kampala na kuacha majengo mjini Kisumu, Moshi na Mombasa. Hata hivyo, wengi wetu hupita mbele ya kazi zake bila kulijua jina lake, ilhali huko kwao yeye ni somo la darasani.

May alizaliwa mjini Frankfurt mnamo Julai 27, 1886, mwana wa mwenye kiwanda cha bidhaa za ngozi. Baada ya kusomea London na Darmstadt, alirejea Uingereza mwaka wa 1910 kufanya kazi chini ya Raymond Unwin, aliyekuwa akipanga vitongoji vyenye bustani ili watu wa mjini wajitenge na moshi na msongamano. Fikra ya kwamba mji unaweza kugawanywa katika makazi madogomadogo yanayozungukwa na majani mabichi haikumtoka May hadi kufa kwake. Iliwafaa wapangaji wa Frankfurt. Ilipofika Afrika, kama tutakavyoona, ilipata kazi nyingine.

Mwaka wa 1925, meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimwita kusimamia ujenzi wote wa mji huo. Ujerumani ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa nyumba, na familia nzima kulala katika chumba kimoja halikuwa jambo la ajabu. Fedha zilipatikana kwa njia ambayo serikali zetu zingefaa kuichunguza: wenye nyumba za zamani, ambao madeni yao yalifutwa na mfumko wa bei wa 1923, walitozwa kodi maalumu, na sehemu ya kodi hiyo ikajenga makazi mapya. Katika muda wa miaka mitano, nyumba zipatazo 12,000 zilisimamishwa.

Zilikuwa nyumba za sura ngeni. Paa zilikuwa bapa, kuta hazikuwa na mapambo, na madirisha yalipangwa kwa kufuata jua wala si kwa kuwapendeza wapita njia. Huo ndio uliokuwa moyo wa usanifu wa kisasa wa enzi hiyo: kila kitu kiwepo kwa sababu ya matumizi yake, na kile kisicho na kazi kiondolewe ili gharama ishuke na wengi wapate. Katika mtaa wa Praunheim, May alijaribu kujenga kwa mabamba ya zege yaliyofinyangwa kiwandani na kupachikwa kwa winchi. Mtaa wa Römerstadt, ulio kando ya mto Nidda, uliwekewa umeme katika kila nyumba, anasa ambayo mfanyakazi wa siku hizo hakuizoea. Mwaka wa 1929, wasanifu kutoka nchi mbalimbali walikutana Frankfurt kujadili swali moja: ni nafasi ndogo kiasi gani ambayo mtu anaweza kuishi ndani yake bila kupoteza heshima yake?

Jibu lililosafiri mbali zaidi lilikuwa jiko. Mwaka wa 1926, msanifu kutoka Austria aliyekuwa katika kikosi cha May, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni chumba cha kupikia chenye upana usiofika mita mbili na urefu wa karibu mita tatu na nusu. Alichunguza jinsi wapishi wa treni walivyolisha abiria wengi kutoka kijichumba kimoja, akahesabu hatua za mwanamke kutoka sinki hadi mekoni, kisha akazipunguza. Meza ya kukatia mboga iliwekwa chini ya dirisha, na unga na sukari vikatengewa visanduku vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia. Kabati zilipakwa rangi ya samawati iliyodhaniwa kuwafukuza inzi. Majiko kama hayo yapatayo 10,000 yaliwekwa katika nyumba za Frankfurt, na kabati zinazopachikwa ukutani katika majiko ya nyumba nyingi za leo ni vitukuu vyake. Kuna waliolalamika kwamba watu wawili hawangeweza kupishana humo, na hawakukosea. Aliyeachwa jikoni aliachwa peke yake.

Kasoro kubwa ilikuwa kodi ya nyumba. Licha ya hesabu zote hizo, vibarua maskini zaidi hawakuimudu, na wengi wa waliohamia walikuwa makarani na mafundi wenye mishahara ya uhakika. Uchumi wa dunia ulipoporomoka mwaka wa 1929, fedha zilikauka na ujenzi ukafifia.

Mwaka uliofuata, May aliondoka na kikosi chake kwenda Muungano wa Kisovieti kupanga miji ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk. Huko aligongana na urasimu, na mengi aliyoyachora hayakujengwa alivyotaka. Mkataba wake ulipokwisha mwaka wa 1933, Hitler alikuwa ameshika madaraka Ujerumani na milango ya nyumbani ilikuwa imefungwa. Landmann, aliyekuwa Myahudi, baadaye alikimbilia Uholanzi, na huko alifariki mafichoni mwaka wa 1945.

May alichagua Tanganyika. Mtu aliyekuwa ameamuru maelfu ya mafundi akawa mkulima karibu na Arusha mwaka wa 1934. Miaka mitatu baadaye aliuza shamba na kuhamia Nairobi, akarejea kwenye kalamu na rula. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Waingereza walimhesabu kuwa raia wa adui, wakamzuilia kambini Afrika Kusini.

Kazi yake kubwa zaidi Afrika ilikuja mwaka wa 1945, serikali ya kikoloni ya Uganda ilipomkabidhi mpango wa kuipanua Kampala hadi kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Ripoti yake ya 1947 ina ustadi wa Frankfurt: barabara zinafuata miinuko ya ardhi, mabonde yanaachwa wazi na kila mtaa unapewa shule na masoko yake. Lakini Kololo ilitengewa Wazungu na Waasia, na Naguru Waafrika. Bonde la kijani, ambalo Frankfurt lilikuwa mahali pa kupunga hewa, hapa likawa mpaka kati ya rangi na rangi.

Watetezi wake husema alitekeleza tu masharti ya waliomwajiri. Hoja hiyo ina uzito, ila haimwondolei lawama. May mwenyewe aliamini kwamba Mwafrika alipaswa kufunzwa maisha ya mjini hatua kwa hatua, na nyumba yake ipimwe kulingana na hatua aliyofikia. Hakuna mfanyakazi wa Frankfurt aliyewekewa sharti la aina hiyo. Mtaa ambao serikali iliwajengea Waafrika Naguru ulibomolewa mwaka wa 2011 na wapangaji wake kufurushwa. Kololo ingali miongoni mwa mitaa ya kifahari ya Kampala.

Alibuni pia nyumba nafuu ya Mwafrika, yenye mbavu za zege zilizopinda kama upinde na mabamba ya kutundikwa juu yake. Haikuenea. Majengo yaliyomletea sifa humu nchini yalikuwa ya wenye uwezo: shule ya wasichana ya Aga Khan mjini Kisumu, nyumba za ghorofa za Delamere jijini Nairobi, na Hoteli ya Oceanic mjini Mombasa, iliyoelekezwa baharini ili ipokee upepo. Huko Moshi alichora kituo cha utamaduni cha Wachagga. Katika kazi hizi alijifunza kulikinga jua ambalo Frankfurt alikuwa akilikaribisha.

Mwanzoni mwa 1954, Kenya ikiwa katika hali ya hatari, May alirejea Ujerumani akiwa na umri wa miaka 67. Miji iliyobomolewa na mabomu ilimhitaji. Aliongoza mipango ya shirika la nyumba mjini Hamburg, kisha akashiriki kupanga Neue Vahr mjini Bremen, mtaa wa nyumba zipatazo 10,000. Alifariki Hamburg mnamo Septemba 11, 1970. Nyumba mojawapo ya Römerstadt imerejeshwa katika hali yake ya awali, na wageni huizuru kutazama bustani yake na jiko lake.