Emin Pasha: Mwanzilishi wa Bukoba aliyeokolewa na bustani

WAKAZI wa Kahororo na viunga vingine vya Bukoba wanaishi katika mji ulioanzia kwenye kituo alichokijenga Emin Pasha Novemba 1890, kwa niaba ya Wajerumani. Wengi wanamfahamu kama mtawala. Wachache wanajua kuwa miaka michache kabla ya hapo, kilimo cha bustani ndicho kilichonusuru maisha yake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Alizaliwa mwaka 1840 Oppeln, Silesia, akasomea udaktari, akafanya kazi katika dola ya Uturuki, kisha akaelekea Sudan. Mwaka 1878 aliteuliwa kuwa gavana wa jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudan. Alipenda mno ndege na mimea, na sampuli zake alizituma kwenye makumbusho ya Ulaya.

Vita vya Mahdi vilipopamba moto, njia ya Mto Nile ilifungwa. Kuanzia mwaka 1883 meli za Khartoum hazikufika tena. Hapakuwa na mshahara wala nguo, na maelfu ya watu walimtegemea.

Emin aligeukia ardhi. Vituo vyake vililima mboga na nafaka. Pamba ililimwa na kufumwa nguo papo hapo. Asali ilichukua nafasi ya sukari, nta ikatengenezwa mishumaa, na sabuni wakapika wenyewe.

Mwaka 1887 Henry Stanley alitumwa kwenda kumwokoa, akiwa na wapagazi zaidi ya 600 kutoka Zanzibar. Njaa na maradhi katika msitu wa Ituri viliua wengi. Walipokutana Aprili 1888 kando ya Ziwa Albert, waokoaji ndio waliokuwa na njaa na matambara. Emin, aliyekuja kuokolewa, ndiye aliyewapa nguo, chumvi, asali na vitunguu.

Alifika Bagamoyo Desemba 1889, ambako alianguka kutoka dirishani na kuumia vibaya kichwani. Alipopona aliingia utumishi wa Ujerumani, akafungua kituo cha Bukoba, kisha mwaka 1891 akaelekea magharibi. Aliuawa Kongo Oktoba 1892, akiwa karibu kipofu.

Somo kwa mkulima wa leo ni jepesi. Barabara ikikatika au bei ikipanda, mwenye bustani nyuma ya nyumba hahangaiki. Tenga kipande kidogo pembeni ya kibanja, mahali ambapo migomba haizuii jua. Weka samadi iliyooza, panda vitunguu, bilinganya na bamia, na tandaza nyasi kavu ili unyevu usipotee. Kiangazi cha Juni hadi Agosti mwagilia asubuhi au jioni. Mboga zikizidi mahitaji ya nyumbani, peleka sokoni, na kumbuka kubakiza mbegu za msimu ujao.