Mhunzi wa De Witt na Koleo Lake

Mtu akishuka kutoka kwenye migomba na mibuni ya mlima Meru, akaingia mjini Arusha na kupita mtaa wa Unga Limited, husikia mlio wa nyundo kabla ya kuwaona mafundi wenyewe. Mmoja anaunga bomba la maji. Mwingine amelala chini ya gari, anafungua nati iliyoshikwa na kutu. Wa tatu anabana mabati mawili ili ayachomelee. Mara nyingi mikononi mwao mna chombo cha namna moja. Ni koleo ambalo likiisha kuuma chuma haliachi, hata fundi akiondoa mkono wake. Wengi hulitumia kila siku, lakini ni wachache wajuao ya kuwa lilitoka katika kiwanda cha mhunzi wa kijijini, jina lake William Petersen.

Petersen alikuwa mtu wa Denmark, nchi ya kaskazini ya Ulaya, naye alizaliwa mwaka 1882. Alihamia Marekani, akakaa De Witt, kijiji kidogo katika jimbo la Nebraska. Nchi ile ni tambarare, haina mlima kama Meru, na watu wake wengi wakati ule walikuwa wakulima wa mahindi na ngano, na wafugaji wa ng'ombe. Mkulima alipovunjikiwa na jembe la kukokotwa, au na chuma cha mashine siku za mavuno, alimwendea mhunzi. Basi kazi ya Petersen ilikuwa kufua, kunyosha na kuunga vyuma vya watu.

Kazi ya uhunzi ina taabu moja, nayo ni ya tangu kale. Wahunzi waliowafulia Wamasai na Waarusha mikuki na sime waliijua, na wahunzi wa Ulaya waliijua vilevile. Chuma chenye moto hakishikiki kwa mkono, hushikwa kwa koleo. Mkono mmoja hubana koleo kwa nguvu, na mkono wa pili hupiga nyundo. Lakini mkono unaobana huchoka. Ukilegea kidogo tu, chuma hugeuka au huruka, na kazi huharibika, au mtu huumia. Ni kweli, jiliwa hushika vema kuliko mkono, kwa sababu meno yake hukazwa kwa parafujo. Lakini jiliwa limefungwa mezani, haliwezi kumfuata fundi shambani wala chini ya mashine. Koleo huenda popote, lakini haliwezi kushika lenyewe. Petersen akatamani kupata chombo kimoja chenye nguvu za jiliwa na wepesi wa koleo, ili mkono mmoja utoshe kukamata, na mkono wa pili uwe huru kufanya kazi.

Hakuanza kwa chuma. Alichonga mifano ya mti, akakata na vipande vya karatasi nene, akaviunganisha na kuvichezesha, apate kuona jinsi meno yatakavyofunga na mipini itakavyokwenda. Mfano usiofaa aliuweka kando, akachonga mwingine. Mwaka 1921 alipata kwa serikali ya Marekani hati ya kulinda uvumbuzi wake, ili mtu mwingine asiuchukue.

Wengi wangalifurahi hapo, wakaacha. Lakini koleo lile la kwanza lilikuwa na upungufu. Lilibana kwa nguvu kuliko koleo la kawaida, lakini halikuweza kujifunga. Fundi alipoachia mkono, nalo liliachia. Basi shida ile aliyotaka kuiondoa ilikuwa bado ipo. Petersen hakuuficha upungufu huo, bali aliirudia kazi yake. Baada ya miaka 3, mwaka 1924, alipata hati ya pili kwa koleo lililoweza kujifunga lenyewe. Akaliita Vise-Grip, maana yake ni mshiko wa jiliwa.

Siri ya koleo hilo yaweza kufahamika kwa kutazama goti la mtu. Mwanamke ateremkaye Meru na mkungu wa ndizi kichwani, akisimama na magoti yaliyokunjika kidogo, miguu itachoka upesi na kutetemeka. Lakini akinyosha magoti mpaka mwisho, ataweza kusimama na kupumzika, kwa sababu uzito haukunji tena magoti, bali huyakaza zaidi. Ndani ya koleo la Petersen mna kipande cha chuma kinachounganisha mpini mmoja na mwingine, nacho hufanya kama goti hilo. Fundi akibana mipini, kipande hunyoka, kisha hupita kidogo upande wa pili na kukwama. Hapo chuma kilichoshikwa, kwa kusukuma meno, hukaza kufuli badala ya kuifungua. Mwisho wa mpini mna parafujo. Fundi akiizungusha, meno hukaribiana au huachana, kwa kadiri ya unene wa kitu anachotaka kushika. Basi nguvu za kiganja kimoja zaongezwa mara nyingi, na kuzihifadhi si kazi ya kiganja tena.

Kutengeneza chombo kizuri si sawa na kupata wa kukinunua. Petersen alitia makoleo yake katika gari lake, akapita mji kwa mji, akiwauzia wakulima na mafundi. Mwaka 1934 ilianzishwa kampuni yenye jina lake, na mwaka 1938 kiwanda kikafunguliwa De Witt, chenye wafanyakazi 37. Miaka ile ilikuwa migumu sana. Biashara ilikuwa imeanguka duniani, na mashamba ya nchi zile yalikuwa yamepigwa na ukame. Kwa kijiji kidogo, kazi ya watu 37 ilikuwa riziki ya nyumba nyingi.

Kisha vikaja Vita Kuu vya Pili. Viwanda vya silaha vya Marekani na viwanda vya ndege vya Uingereza viliagiza makoleo hayo kwa wingi. Wachomeleaji wa meli pia waliyapenda, kwa kuwa yalishika mabamba mahali pake mpaka moto umalize kuyaunga. Hivyo chombo kilichowaziwa kwa ajili ya kazi za kijijini kikafika baharini na angani.

Hata hivyo, kulikuwa bado na upungufu mmoja. Koleo lilifungwa kwa mkono mmoja kwa urahisi, lakini kulifungua kulikuwa taabu. Fundi alilazimika kuivuta mipini iachane kwa nguvu, mara nyingi kwa mikono miwili. Mwaka 1957 kiwanda cha De Witt kiliongeza wenzo mdogo ndani ya mpini. Kidole kikiusukuma tu, kufuli huachia. Hapo ndipo mkono mmoja ulipoweza kufunga na kufungua pia, na shauri la mhunzi likatimia, miaka 33 baada ya hati ile ya mwaka 1924. Petersen alifariki mwaka 1962.

Kiwanda cha De Witt kilifanya kazi miaka mingi baada yake. Mwaka 2008 wenye mali waliokinunua walikifunga, wakahamisha kazi China, na watu wa kijiji kile walihuzunika sana. Lakini chombo chenyewe hakikufa. Viwanda vingi vya dunia vimetengeneza makoleo ya namna hiyo, nayo yamefika hata chini ya mlima Meru, katika mikono ya mafundi wasiopata kumsikia Petersen.

Maisha ya mtu huyu yanatufundisha jambo moja. Hakuwa mfalme wala jemadari; alikuwa fundi aliyeona taabu katika kazi yake ya kila siku, asiizoee. Tena, alipopata dawa nusu, hakujidanganya kwamba ni dawa kamili. Mwanafunzi anaporudia hesabu yake iliyokosewa, au seremala anapofungua kiungo kilicholegea ili akifanye upya, huyo yumo katika njia ile ile aliyoipita mhunzi wa De Witt.