Leland Clark

Leland C. Clark Jr. (Rochester, New York, 4 Desemba 1918 – 25 Septemba 2005) alikuwa mwanabiokemia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni elektrodi ya oksijeni, na mara nyingi huitwa baba wa vihisi vya kibiolojia.

Maisha

Alisoma kemia katika Chuo cha Antioch, jimbo la Ohio, hadi mwaka 1941. Mwaka 1944 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rochester. Baada ya kufanya kazi Ohio na Alabama, alihamia hospitali ya watoto ya Cincinnati mwaka 1968, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1991.

Elektrodi ya oksijeni

Clark alitengeneza mashine ya kutia oksijeni katika damu nje ya mwili wakati wa upasuaji. Hata hivyo hakuwa na njia nzuri ya kupima oksijeni katika damu iliyotoka mashineni. Waya wa platini ulipotiwa ndani ya damu, protini na seli ziliugandamia na vipimo vikapotoka. Kwanza aliufunika kwa selofani. Mwaka 1954 aliziweka elektrodi zote mbili nyuma ya utando mwembamba wa plastiki ya polietilini. Oksijeni hupenya utando huo, lakini protini na seli hubaki nje, na damu haigusi metali.

Kipimo cha sukari

Mwaka 1962, pamoja na Champ Lyons, alieleza jinsi ya kuongeza kimeng'enya kwenye elektrodi ili kupima glukosi. Vipimo vingi vya sukari vya tone la damu, vinavyotumika hospitalini hata Tanzania, vimetokana na wazo hilo.

Tatizo lililobaki

Utando ulilinda elektrodi, lakini damu bado huweza kuganda juu ya utando wenyewe. Kihisi kikikaa ndani ya mshipa, donge hukifunika na kipimo hupotoka. Likibanduka, linaweza kuziba mshipa mwingine. Watafiti wamejaribu kukipaka heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au plastiki inayotoa nitriki oksidi, gesi ambayo kuta za mishipa hutoa kiasili. Vihisi vya sukari vinavyovaliwa na wagonjwa siku hizi huwekwa chini ya ngozi, si ndani ya mshipa.

Tuzo

Mwaka 2005, mwaka wa kifo chake, alipewa Tuzo ya Russ ya Marekani kwa kazi yake ya uhandisi wa tiba.