Johannes Kepler na Hisabu ya Miaka ya Sayari

Jua, ewe msomaji, kwamba Johannes Kepler, mwanachuoni wa falaki wa Ujerumani, alizaliwa tarehe 27 Disemba 1571 katika mji wa Weil der Stadt. Utotoni alishikwa na ndui, ikamdhoofisha macho. Kwa hiyo alitegemea vipimo vya mtu mwengine, Tycho Brahe, ambaye alijiunga naye mwaka 1600. Tycho akafa mwaka 1601, na kwa vipimo vyake Kepler akabainisha, katika kitabu cha mwaka 1609, kwamba njia ya Mirikhi kulizunguka jua si duara kamili, bali ni duara iliyobanwa mbavu.

Likabaki swali lililomsumbua tangu ujana. Muda wa kila sayari ulikwisha julikana zamani, kwa watu kutazama na kungoja. Al-Battani, aliyekufa mwaka 929, aliupima mwaka wa jua hata zikabaki dakika chache tu za kosa. Lakini muda huo una uhusiano gani na umbali? Sayari ya mbali ina njia ndefu, tena huenda polepole. Kwa kadiri gani?

Mwezi wa Februari 1618, huko Linz, Kepler alifiwa na binti yake mdogo. Akaziweka kando jedwali zake, akalirejea swali lile. Tarehe 8 Machi jibu likamjia. Akakosea hisabu, akalitupa. Tarehe 15 Mei akalijaribu tena, likasimama.

Nalo ni hili. Umbali wa ardhi na jua ufanye 1. Wa Mushtari ni 5.2. Zidisha 5.2 kwa nafsi yake, kisha kwa 5.2 tena: utapata 140.6. Tafuta hisabu ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa hiyo. Nayo ni 11.86. Basi Mushtari hulizunguka jua kwa miaka yetu 11.86. Jaribu mwenyewe Zuhali, ambayo umbali wake ni 9.54; utapata miaka 29 na kitu. Sababu yake Kepler hakuijua; Isaac Newton ndiye aliyeieleza mwaka 1687. Leo hisabu hiyo hutumika hata kwa sayari za nyota nyengine, ila sharti kwanza uzito wa nyota yenyewe ujulikane.

Alipiga chapa jambo hili mwaka 1619. Mwaka wa pili mama yake, mwanamke mzee, akakamatwa kwa tuhuma ya uchawi, akafungwa minyororo miezi 14. Kepler akaacha kazi, akasafiri kwenda kumtetea, mpaka akafunguliwa mwaka 1621; naye hakuishi hata mwaka baada ya hapo.

Kepler alikufa tarehe 15 Novemba 1630 mjini Regensburg, safarini, akifuatia fedha alizokuwa akidai. Vita vikaharibu makaburi ya mji ule, na kaburi lake halijulikani lilipo.